Majini Wanaoongea Kiswahili

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwenzangu wa chumba alikuwa na kompyuta yenye nguvu kuliko zote za korido yetu, na usiku tulikuwa tunapokezana pedi. Siku moja akaweka Resident Evil 5. Mimi nilikuwa nimeshageukia ukutani nataka kulala, mara nikasikia watu wanapiga kelele kwa Kiswahili. Nikainuka nikidhani kuna ugomvi nje. Kumbe ni gemu. Na hao waliokuwa wanaongea Kiswahili ndio waliokuwa wanapigwa risasi.

Kama hujawahi kulicheza, ngoja nikueleze kwa kifupi. Ni gemu la kampuni ya Kijapani, Capcom, na lilitoka Machi 2009. Mambo yanatokea sehemu ya kubuni ya Afrika inayoitwa Kijuju. Steringi ni Chris Redfield, Mzungu kutoka Marekani, na pembeni yake yuko Sheva Alomar, mwanamke Mwafrika. Wenyeji wa Kijuju wameingizwa vimelea mwilini, wamegeuka kuwa wauaji, na jina lao kwenye gemu ni Majini. Ndiyo, ni neno lile lile unalolijua. Ukifika sehemu ya vinamasi unakutana na kabila la kubuni lenye vinyago, nyasi kiunoni na mikuki. Sheva na Chris wanaongea Kiingereza. Kiswahili wameachiwa wanaokufa.

Ubishi ulianza kabla gemu halijatoka. Trela ilipoonyeshwa mwaka 2007, watu wengi walishtuka. N'Gai Croal, mwandishi wa jarida la Newsweek, alisema kwamba picha za umati wa watu weusi wasioonyeshwa kama binadamu, wakiuawa mmoja mmoja, zina historia ndefu, na mtengenezaji hawezi kuzitumia kana kwamba historia hiyo haipo. Wengine walilitetea. Glenn Bowman, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Kent, aliona kwamba hadithi yenyewe, ukiifuatilia, inaushambulia ukoloni. Na ni kweli, kwenye hadithi walioleta balaa ni kampuni na wafanyabiashara wa kigeni.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukiona kwenye ubishi huo, na ndicho kilichoniamsha kitandani. Kwa mchezaji wa Osaka au Ohio, Kiswahili pale ni kelele tu, sauti ya kutisha kama mlio wa mnyama. Mimi nilikuwa nasikia maneno. Adui mwenye maneno unayoyaelewa ni mgumu kumpiga risasi, jaribu uone. Mwenzangu, kijana wa Tanga, aliendelea kupiga tu huku anacheka. Kila mtu na roho yake.

Halafu kuna jingine. Mimi Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani kwetu Mbulu ni Kiiraqw, na kwa upande wa bibi mzaa mama, kule Hanang, ni Kidatoga. Kwa hiyo hata hicho Kiswahili ambacho dunia ya gemu inakichukua kama "sauti ya Afrika", kwetu ni lugha ya mnadani na ya ofisini.

Simama kidogo hapa, maana hili ni jambo ambalo wanaisimu wanalijua vizuri kuliko sisi tunaoishi nalo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatoga ni Kinailoti. Wahadzabe wa Yaeda Chini, ndani ya Mbulu hapo hapo, wana lugha yenye vidoko ambayo zamani iliwekwa pamoja na za Khoisan za kusini, lakini watafiti wengi sasa wanaiona kama lugha isiyo na ndugu. Ongeza Wanyiramba, Wanyisanzu na Warangi, Wabantu tunaopakana nao. Familia za lugha ambazo kwingine ungesafiri maelfu ya kilomita kuzikusanya, mtu wa Haydom anaweza kuzisikia zote siku moja akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri basi. Ukitoka kwenye benchi hilo ukakutana na "Mwafrika" wa kwenye gemu, mwenye lafudhi moja, vazi moja na kijiji kimoja, unaelewa kwa nini mtu anaweza kukasirika bila hata kusoma kitabu cha nadharia.

Lakini tusiwaonee watengenezaji wa mwanzo. Mwanzoni hapakuwa na nafasi ya sura. Mario amepewa masharubu kwa sababu mwaka 1981, kwenye Donkey Kong, vidoti vilikuwa vichache mno kuchora mdomo. Kofia nayo iliepusha kazi ya kuchora nywele. Na kama hukujua, aliyeongoza kazi ya Fairchild Channel F, mashine ya mwaka 1976 iliyoanzisha matumizi ya kaseti za gemu zinazobadilishwa, alikuwa Mmarekani mweusi, mhandisi Jerry Lawson. Watu weusi walikuwepo kiwandani kabla hawajawepo kwenye kioo.

Baadaye vidoti vikaongezeka, na hapo kisingizio kikaisha. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilileta wapiganaji kutoka nchi mbalimbali: Japani, China, India, Brazili, Urusi na kadhalika. Kutoka bara la Afrika hakuna hata mmoja. Mweusi ni mmoja tu, bondia wa Kimarekani aliyefananishwa na Mike Tyson. Miaka ya karibuni zaidi watafiti waliamua kuhesabu. Utafiti wa Dmitri Williams na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipitia magemu 150 yaliyokuwa sokoni Marekani, ukakuta wanaume, weupe na watu wazima wamejaa kupita idadi yao halisi, huku wanawake, Walatino, watu wa asili wa Marekani, watoto na wazee wakiwa wachache kuliko walivyo mtaani.

Kuhesabu ni kazi muhimu. Mimi mwenyewe nilihesabu, kwa namna ya kitoto. Kwenye banda la gemu pale Katesh, lenye PS2 mbili na jenereta, tulikuwa tunagombania GTA San Andreas kwa sababu CJ alikuwa mweusi kama sisi. Na Mbwana Samatta alipokwenda Genk mwaka 2016, kisha nikamkuta kwenye FIFA, jina lake limeandikwa vile vile, nilimchagua hata kwenye mechi ambazo hakufaa kabisa kuanza. Nilifungwa sana. Sikujali.

Ila kuhesabu sura kunaishia mahali. Angalia mfano huu mdogo. Wilaya zetu hizi zinajulikana duniani kwa jambo moja kuliko yote, mbio ndefu. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye yule aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akamaliza wa mwisho giza likiwa limeingia. Gidamis Shahanga, kutoka Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Mwaka 1983 kampuni ya Konami ikatoa Track & Field, gemu la riadha lililopendwa kupita kiasi. Lilikuwa na michezo sita: mita 100, kuruka chini, mkuki, mita 110 kuruka viunzi, kurusha nyundo na kuruka juu. Mbio ndefu hakuna. Hapo ungeweza kumpaka mkimbiaji rangi yoyote na kumpa jina la Akhwari, lakini ubingwa wake haukuwa na kitufe. Gemu lile ni la kugonga vitufe haraka haraka kwa sekunde chache. Uvumilivu wa saa mbili na zaidi hauwezi kuingia humo.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani yumo kwenye gemu, usiangalie picha peke yake. Angalia kanuni: mtu wa aina gani anaweza kushinda humu, na kwa kufanya nini?

Mfano wenye uzito zaidi ni Civilization, gemu la mkakati ambalo unaongoza taifa tangu enzi za mawe mpaka roketi. La kwanza, 1991, lilikuwa na mataifa 14, mawili ya Afrika: Wamisri na Wazulu. La nne, 2005, lilikuwa na 18 lilipotoka, bado mawili ya Afrika: Misri na Mali. Lakini washa hilo la nne usikilize wimbo wa mwanzo. Ni "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kufanya hivyo. Kwaya nyingi duniani zinauimba. Mimi naupenda, nisikudanganye. Nimeuweka kwenye simu. Lakini ukimaliza kuusikiliza na kubonyeza kuanza, unaletewa orodha ya mataifa na Waswahili hawamo. Wamebaki mlangoni wanaimba.

Baadaye pwani ikaingia kwa njia ya pembeni. Civilization V iliweka Mombasa na Zanzibar kama miji-dola, yaani miji midogo ambayo huwezi kuiongoza wewe; unaibembeleza iwe rafiki yako. Kwenye ya sita, ukiwa mlezi wa Zanzibar unapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huzipati kwa njia nyingine yoyote humo ndani. Ona sasa. Historia nzima ya mji imekuwa kapu la viungo. Mwaka 2025, Civilization VII ikaleta Buganda kama taifa unaloweza kulichagua, na hapo Afrika Mashariki ya maziwa ikapata kiti mezani.

Kwa nini Buganda na si, tuseme, Wairaqw? Jibu ni rahisi: Buganda ilikuwa na Kabaka. Gemu hilo linataka kiongozi mwenye sura na jina, linataka mji mkuu, linataka mipaka inayosogea. Wairaqw hawakuwa na mfalme. Walikuwa na mikutano ya wazee. Pale Irqwar Da'aw, kwenye vilima vya Kainam na Mama Issara, walilima eneo dogo kwa bidii kubwa, kwa matuta, samadi na mifereji, kiasi kwamba mwanajiografia wa Uswidi, Lowe Börjeson, aliandika kitabu kizima juu ya kilimo hicho mwaka 2004. Kutoka kwenye vilima hivyo wakaenea Mbulu yote, Karatu na Hanang, bila jeshi la mfalme na bila mji mkuu. (Waulize Wadatoga hadithi ya upande wa pili, maana ardhi waliyoenea ilikuwa na watu.) Kwenye Civilization mambo haya hayana pa kuandikwa. Watu wasio na mfalme humo wamekuwa "washenzi" wanaovamia kutoka porini, au "vijiji" ambavyo ukivikanyaga vinakupa dhahabu kidogo kisha vinatoweka.

Na usidhani kuingizwa tu ndiyo dawa. Wapueblo wa Marekani walipoombwa kiongozi wao wa zamani, Popé, aingizwe kwenye nyongeza ya Civilization V, baraza lao lilikataa, na mwaka 2013 nafasi hiyo wakapewa Washoshone. Mwaka 2018 Wacree wa Kanada walimkuta Poundmaker kwenye Civilization VI. Milton Tootoosis, mmoja wa viongozi wao, akalalamika kwamba gemu linamfanya babu yao aonekane alitaka kushinda na kuteka ardhi za wengine kama wakoloni walivyotaka. Sura ilikuwa ya kwao, imechorwa vizuri. Alichokuwa anafanya babu yao humo ndicho kilichokuwa cha watu wengine.

Utaniambia, "Ni gemu tu bwana." Nimeambiwa hivyo mara nyingi, hata kwenye semina yetu ya Jumatano. Basi twende Hanang.

Ramani ya gemu la mkakati inaanza na ardhi tupu. Unaona kipande chenye nyasi, hakuna mji, hakuna shamba, kwa hiyo ni chako: peleka wakulima. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la taifa la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Hanang, upande wa Basotu, takriban ekari 100,000. Kwenye karatasi za mipango ardhi ile ilionekana kama haitumiki vya kutosha. Wabarabaig, Wadatoga wa pale, walikuwa wakiitumia kwa kuhamahama: malisho ya masika huku, ya kiangazi kule. Palikuwa pia na makaburi ya wazee wao, bung'ed, vilima vya udongo vinavyojengwa kwa heshima kubwa. Mengine yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufani katikati ya miaka ya 1980.

Sisemi kwamba wataalamu wa ngano walicheza gemu, mengi hayakuwepo. Nasema macho ni yale yale. Mtu anayehama na ng'ombe haonekani kama mwenye ardhi, kwa sababu kanuni ya kuona inataka jengo. Kijana anayecheza saa mia tatu za gemu lenye kanuni hiyo, iwe Katesh au Toronto, anafanya mazoezi ya kuona hivyo. Kesho huyo huyo anaweza kuwa afisa mipango. Bibi yangu alizaliwa kwenye nyanda zile, kwa hiyo hapa sina utulivu wa mtafiti, nikiri tu.

Hoja nyingine utakayoisikia ni ukweli wa kihistoria: "Msilete watu weusi au wanawake mahali ambapo hawakuwepo." Sina ugomvi na ukweli, ndiyo kazi yangu. Lakini angalia unavyotumika. Ubisoft walipotangaza mwaka 2024 kwamba mmoja wa steringi wawili wa Assassin's Creed Shadows ni Yasuke, mitandao iliwaka moto. Yasuke alikuwepo: Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano, akamtumikia mtawala Oda Nobunaga mwaka 1581 na 1582. Habari za zamani zinamtaja kuwa ametokea Msumbiji, pwani yetu hii. Wanahistoria wanaweza kubishana kama cheo chake kilikuwa cha samurai kamili, na huo ni ubishi halali. Ila samurai wa kwenye magemu wamekuwa wakiruka mapaa na kutema moto kwa miaka arobaini bila mtu kudai vyeti vyao.

Na kuhusu wanawake, twende tena kwa Wabarabaig. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi nao na kuandika juu yao miaka ya 1960 na 1970, alieleza baraza la wanawake, girgwageda gademga, ambalo linaweza kumshtaki mwanaume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya ng'ombe. Anayefikiri mwanamke mwenye mamlaka kwenye hadithi ya Afrika ya zamani ni kitu cha kubuniwa na vijana wa Twitter, aje Hanang alipe ng'ombe kwanza.

Je, inawezekana kufanya vizuri? Aprili 2024 lilitoka Tales of Kenzera: Zau, la studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye kabla ya hapo alikuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alilitengeneza baada ya kufiwa na baba yake. Zau ni mganga kijana anayeingia mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili baba yake arudishwe. Unaweza kulicheza lote kwa sauti za Kiswahili. Miaka kumi na mitano baada ya Kijuju, Kiswahili kimetoka mdomoni mwa majini kikaingia mdomoni mwa mtoto anayeomboleza. Nilipolicheza usiku, sikuhitaji kuinuka kuangalia nje. Haikuwa njia laini, maana Salim alitukanwa sana kwa ubaguzi, na miezi michache baadaye studio ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Na bado nina neno: Afrika yake ni ya Kibantu tupu. Haina ubaya, ndiko alikotoka yeye. Sisi wa kwenye benchi la Haydom bado tunasubiri basi.

Desemba nilikuwa nyumbani. Binamu yangu wa kidato cha tatu anajifunza kutengeneza gemu kwa laptopu ya kuazima, na umeme ukikatika anachora kwenye daftari la hesabu. Steringi wake ni msichana anayepeleka ng'ombe kiangazini kutoka mlima Hanang mpaka ziwani Balangida. Kuna sehemu ya ramani ambayo kila nikijaribu kulima, jembe halifanyi kazi. Nikamwambia, "Hapa una hitilafu." Akasema, "Siyo hitilafu, kaka. Hapo kuna kaburi la mzee."

Nikamwuliza wahusika wake wanaongea lugha gani. Msichana Kidatoga, akasema, mwenye shamba la jirani Kiiraqw, na wakikutana mnadani Kiswahili. Adui ni fisi.

"Na fisi?"

"Fisi anaongea Kiingereza."

Nilicheka mpaka shangazi akaja kuangalia. Kisha nikamwambia hilo inabidi tulijadili upya, na mpaka leo bado tunabishana kwa simu.